Wakoloni Waliokataa Kodi

Niliwahi kuwapa watu tisa sifuri kwa kosa nililowafundisha mwenyewe. Wala si kuteleza ulimi kwa siku moja. Niliwafundisha Jumamosi mbili mfululizo, kwa sauti kubwa, nimesimama mbele ya ubao kama mtu anayejua, halafu nikarudi nyumbani, nikavaa kandambili, nikashika kalamu nyekundu na kuwaadhibu kwa kunisikiliza. Darasa lilikuwa na watu kumi na mmoja. Wawili walipata swali lile. Mmoja alikuwa anasinzia kila nikisema, na mwingine alikuwa haji.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofundisha masomo ya ziada pale ukumbi wa kanisa. Mliniomba nije niwape nasaha, nikasema nitakuja, na nyote mlijua kwamba siji. Nje kuna theluji, kiti changu kiko karibu na hita, na basi la barabara ya Kipling halina haraka na mtu. Kwa hiyo nimeandika. Someni taratibu, na yule anayesoma huku anachezea simu naye namwona.

Kwanza mjue anayewashauri ni nani. Mimi ni wa kidato cha nne, Korogwe. Historia nilipata D, na hiyo D yenyewe nadhani aliyenisahihisha alikuwa ameshiba. Hapa Toronto nilianza kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, nikibeba maboksi mpaka mgongo ukaniambia basi. Ndipo nikaona tangazo la shule moja ya watu wazima hapa Rexdale: anatakiwa msaidizi anayejua Kiswahili na Kiingereza, awaeleweshe wanafunzi wageni siku za Jumamosi, kisha asahihishe karatasi zao akiwa nyumbani. Lile neno "nyumbani" nililisoma mara tatu. Kazi nyingine zote nilizowahi kufanya zilinitaka nizifuate. Hii ilikuwa tayari kunifuata mpaka mezani kwangu. Nikaomba siku ileile.

Somo lenyewe lilikuwa historia ya mwanzo ya Marekani: tangu Waingereza walipotia nanga kule pwani mpaka walipojiandikia katiba yao. Mtaniuliza, Marekani ya nini na sisi tuko Kanada? Hata mimi niliuliza. Jibu ni kwamba ndilo somo lililokuwa na nafasi, na lilihesabika kwenye cheti cha sekondari kama somo lolote. Basi mtu ametoka Uvira, kule Kongo, na watoto wanne, amepita kambi mbili, amefika Rexdale, anataka kumaliza sekondari aingie chuo cha uuguzi, anaambiwa: sawa mama, lakini kwanza tueleze kwa nini watu wa Boston waligombana na mfalme wao.

Mama huyo simtungi. Ni Mama Riziki, jirani yangu wa mlango wa pili, ghorofa ya kumi na moja. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwageuza, kuwaogesha, kuwalisha, na somo hili ndilo lilikuwa la mwisho kwenye cheti chake. Akilipita, chuo kinampokea. Asipolipita, anaendelea kugeuza wazee huku akipewa amri na wasichana waliozaliwa yeye akiwa tayari amezaa. Hayo aliniambia mwenyewe kwenye lifti, siku ya kwanza ya muhula, kisha akanitazama na kusema, "Kwa hiyo mwalimu, fundisha vizuri."

Mwenye somo hasa alikuwa Bi Pryce, mama wa Kijamaika aliyefundisha historia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Yeye alifundisha kwa Kiingereza jioni za katikati ya wiki, mimi narudia kwa Kiswahili Jumamosi. Mtihani aliutunga yeye. Mimi nilisahihisha kwanza kwa kufuata mwongozo, yeye akapitia na kutia sahihi. Kila nilichojua kuhusu kazi hii alinipa yeye, na nusu yake sikuifuata.

Aliniambia: soma karatasi mara ya kwanza huna kalamu mkononi. Kalamu ikiwa mkononi, jicho linatafuta pa kuchoma. Aliniambia: usisahihishe ukiwa na njaa, wala usisahihishe unakula. Hili la pili lilikuja baada ya mimi kumwaga mchuzi wa dagaa juu ya insha ya mtu. Nilifuta, nikapuliza, nikaianika kwenye hita, ikazidi kunuka, mwishowe nikaandika pembeni kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Samahani kwa doa." Bi Pryce aliinusa, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Tena aliniambia hili, nanyi liandikeni: usisahihishe mtu mmoja mmoja, sahihisha swali moja moja. Chukua swali la kwanza, lipitishe kwenye karatasi zote, ndipo uende la pili. Utachoka, lakini utaona. "Mmoja akikosa, muulize yeye," alisema. "Wakikosa wote, kajitazame kwenye kioo."

Nilikubali kwa kichwa. Nikirudi nyumbani nasahihisha karatasi moja, nanywa chai, naangalia mpira kidogo, nasahihisha nyingine kesho. Karatasi kumi na moja nilizimaliza kwa siku kumi. Nilijiambia kazi nzuri haitaki haraka. Ninyi mtaita uvivu, na Kiswahili chenu leo kimenyooka.

Msidhani darasa lilikuwa bovu. Kulikuwa na raha. Siku tuliyofika kwenye ile habari ya watu wa Boston kupanda merikebuni na kumwaga shehena ya chai baharini kwa sababu ya kodi, alisimama Mkenya mmoja, dereva wa lori, mtu wa utani. Akasema, "Mwalimu, hebu rudia. Walikataa chai?"

"Walikataa."

"Ikiletwa mpaka mlangoni?"

"Mpaka bandarini."

"Basi hawa si watu wa kawaida. Kwetu ofisini sijawahi kuona mtu amekataa chai."

Darasa likavunjika. Wakongomani hawakuelewa, wakaelezwa kwamba kwa Mkenya chai ni ile inayopita chini ya meza, nao wakaanza kucheka upya. Bi Pryce alikuwa akipita, akachungulia, akauliza kuna nini. Nikafungua mdomo nimweleze kwa Kiingereza. Nikaufunga. Nikamwambia tunafurahia tu somo.

Sasa neno lenyewe.

Kwenye kitabu, wale watu waliogombana na mfalme waliitwa "colonists". Jumamosi ya kwanza Mama Riziki akainua mkono. "Hao ni nani, mwalimu?"

"Wakoloni," nikasema, haraka kama mtu anayepiga mbu.

"Wakoloni?"

"Wakoloni."

"Wale wenyewe tunajua?"

"Wale wenyewe."

"Bon," akasema kwa Kifaransa cha kwao, akaandika. Aliandika polepole, nilimwona, kama mtu anayetia sahihi kitu ambacho hajakiamini.

Jumamosi ya pili nilipanda ubaoni na kutangaza kwamba wakoloni walidai uhuru. Kalamu zote zikasimama. Ule haukuwa ukimya wa kuelewa. Mkifundisha muda mrefu mtajua kuutofautisha. Yule Mkenya akauliza, safari hii bila utani, "Uhuru kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa mfalme wao."

"Na wenyeji waliokuwepo pale?"

Nikaangalia saa. Nikasema, "Wenyeji hawamo kwenye mtihani."

Ni kweli hawakuwemo. Lakini jibu lile nimelisikia masikioni mwangu mara nyingi kuliko wimbo wa taifa.

Mtihani ukaja. Swali la nne lilikuwa na pointi kumi: eleza kwa nini wakoloni, kama nilivyokuwa nimewaita, walipinga kodi za mfalme. Mwongozo ulitaka jambo moja hasa, kwamba watu wale hawakuwa na mwakilishi wa kuwasemea kule kodi zilikopangwa. Karatasi ya Mama Riziki niliisahihisha siku ya sita, nadhani, mpira ukiwa mapumziko. Aliandika kwa Kiingereza chake cha kujifunzia ukubwani, nami nakipa Kiswahili hapa:

"Mkoloni hapingi kodi. Mkoloni ndiye anatoza. Babu yangu alilimishwa pamba kwa nguvu ili alipe kodi ya kichwa, na aliyeshika kitabu cha majina alikuwa mkoloni. Kama ni kweli huyu mkoloni alikataa kodi ya mfalme, ni kwa sababu alitaka kuila yeye mwenyewe."

Iliendelea hivyo ukurasa mzima. Nilitafuta neno "mwakilishi", sikuliona. Nikaandika chini kwa wino mwekundu: "Umeandika mengi, lakini swali hukujibu." Nikachora sifuri, ya duara zuri. Nikajumlisha. Arobaini na saba. Kupita ni hamsini. Nikasema moyoni, maskini jirani yangu, alikaribia. Kisha kipindi cha pili kikaanza.

Bi Pryce wiki ile alikuwa na mafua makali, akatia sahihi akiwa kitandani. Matokeo yakatoka Jumatatu. Saa kumi na moja jioni mlango wangu ukagongwa.

Alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Mkono mmoja karatasi, mkono mwingine daftari.

"Mwalimu, hii rangi nyekundu ni yako?"

"Ni yangu, Mama Riziki. Karibu ndani."

"Sikaribii. Umesema sikujibu. Uliuliza wakoloni, nikajibu wakoloni. Ulitaka wakoloni gani?"

Nikaanza kueleza kwamba wakoloni wa kule si kama wa kwetu, kwamba wale walikuwa watu wa kawaida waliohamia, wakulima, maseremala. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari, akaweka kidole. Palikuwa pameandikwa: "colonists, ni wakoloni." Na pembeni, kwa herufi ndogo: "Mwalimu amehakikisha mara mbili."

"Chuo wanafunga majina Jumatano," akasema. Akafunga daftari, akaenda zake. Hata mlango wake hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nilirudi ndani nikafanya nilichotakiwa kufanya siku kumi kabla. Nilitandaza nakala zote mezani, zilizobaki nikazitandaza kitandani, nikasoma swali la nne peke yake, karatasi hadi karatasi. Sifuri tisa. Mmoja ameandika kwamba wakoloni walikuwa wanaigiza tu. Mmoja ameandika kwamba swali lina makosa ya chapa. Yule Mkenya ameandika mstari mmoja: "Mkoloni kudai uhuru ni kama kupe kudai ng'ombe anamnyonya." Nilikuwa nimempa sifuri na alama ya mshangao.

Jumanne asubuhi mimi, mtu wa hita, nilikuwa kituoni kabla basi halijafika. Nilimkuta Bi Pryce na kikombe cha tangawizi. Nilimwambia yote. Nilitegemea anifukuze, na tayari nilikuwa nimepanga uso wa kufukuzwa nao. Yeye akauliza, "Ungetumia neno gani?"

"Walowezi."

"Maana yake?"

"Mtu aliyehamia mahali akakaa, akapafanya pake."

"Na lile uliloliandika ubaoni?"

"Waliokuja kututawala na kutunyang'anya."

Akanywa tangawizi. "Na kwa yule aliyekuwa akiishi pale kabla merikebu hazijafika, tofauti ya maneno hayo mawili ni ipi?"

Miaka yote baadaye, kila nilipofika kwenye somo lile, nilianza na swali hilo, na sijawahi kulijibu kwa namna ya kuniridhisha.

Hakunifukuza, lakini pointi za bure pia hakutoa. Alisema wote tisa wataeleweshwa neno, kisha watarudia swali la nne. Ofisi ikasema marudio lazima yatangazwe siku mbili kabla. Akapiga simu chuoni kuomba Mama Riziki asubiriwe. Wakamjibu kwa upole kwamba orodha ni orodha. Jumanne na siku mbili ni Alhamisi. Jumatano ilipita katikati, kama basi lisilosimama.

Nilimpelekea Mama Riziki habari mwenyewe. Akasikiliza akiwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Orodha imefungwa. Nirudie kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya cheti. Mwakani..."

"Na mi nilikosa nini?"

"Hukukosa. Mimi ndiye..." nikaanza tena habari ya walowezi.

"Nitakuja," akanikatiza. "Ile sifuri haitalala kwenye karatasi yangu."

Alibadilishana zamu na mwenzake, akaja Alhamisi, akakaa mbele kabisa. Bi Pryce alisahihisha mwenyewe, mimi nikiruhusiwa kutazama tu. Mama Riziki alianza hivi: "Walowezi walikataa kodi kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwasemea kwa mfalme. Hili ndilo jibu mnataka." Akaruka mstari. "Lakini wenyeji na watumwa nao hawakuwa na mtu wa kuwasemea kwa walowezi. Kwa hiyo neno la kwanza la mwalimu halikuwa la uongo. Lilikuwa neno la mtu mwingine, ambaye hayumo kwenye mtihani."

Bi Pryce alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akampa nane. Nikauliza kwa nini si kumi. Akasema kumi haijawahi kutoka mkononi mwake, na haitaanza kwa sababu mimi najisikia vibaya. Arobaini na saba na nane ni hamsini na tano.

Alipita. Na alisubiri mwaka mzima. Mwaka huo nilikutana naye kwenye lifti karibu kila asubuhi, yeye akienda kugeuza wazee, mimi nikishuka kuchukua barua. Siku moja, tukiwa wawili tu, alisema bila kunitazama, "Na ule mwaka wangu, mwalimu, nani atanirudishia?"

Lifti yetu mnaijua ilivyo. Kutoka ghorofa ya kumi na moja mpaka chini unaweza kutoa mhadhara. Nikautoa. Nilimweleza asili ya neno, nilimweleza Bi Pryce alivyosema, nilimweleza jinsi ofisi inavyohesabu siku, nikamweleza kwamba sasa nasahihisha swali moja moja. Milango ilipofunguka nilikuwa bado kwenye nukta ya tatu. Alitoka, nikabaki nazungumza na kitufe.

Baadaye kazi ilibadilika, kama mjuavyo. Kalamu nyekundu tuliambiwa inatisha, tukapewa ya kijani. Kijani nacho kikatisha, tukaambiwa tutumie penseli. Kisha ikaja kompyuta, mwanafunzi anajibu kwa kubofya, mashine inasema sahihi au kosa kabla hajapumua. Ni jambo jema, na mimi ningeipenda mapema, maana mashine haiangalii mpira. Ila mashine ingempa Mama Riziki sifuri ileile, haraka zaidi, na isingekuwa na mlango wa kugongwa. Ninyi mna milango. Mkimfundisha mtu kwa lugha ya kwao, jueni neno mnaloazima lilikuwa likifanya kazi gani kabla hamjaliazima. Pimeni majibu ya wote kwa pamoja. Na mtoto wenu wa hapa, anayeelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza, msimcheke akikosea neno. Pengine amelisikia kwa mtu kama mimi.

Nilistaafu miaka miwili iliyopita. Bi Pryce amerudi Jamaika, ananitumia picha za bustani yake kana kwamba sijui hapa kuna theluji. Mama Riziki ni muuguzi siku nyingi sasa, anavaa miwani yenye mnyororo, na wale wasichana waliokuwa wakimpa amri wengine yeye ndiye anayewapangia zamu. Bado ni mlango wa pili. Sombe, yaani kisamvu cha kwao, akipika, bakuli moja huja kwangu, na mimi hurudisha bakuli limeoshwa.

Kabla ya kuwapa kurasa hizi, nilimpelekea azipitie, asije akasema nimemsingizia. Jumapili alasiri alikaa mezani pangu, palepale nilipochora ile sifuri, akasoma kurasa zote bila kalamu mkononi. Nilimchungulia kutoka jikoni. Alicheka penye mchuzi wa dagaa. Alicheka penye kupe. Alipofika kwenye lifti hakucheka. Alimaliza, akazipanga karatasi zikalingana kingo, akanisukumia.

"Umeandika mengi, mwalimu," akasema, "lakini swali hukujibu."